Choo cha Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Mpishi mkuu wa bweni la shule anastaafu mwisho wa mwezi. Matroni katukusanya jikoni baada ya chai na kutangaza kwamba nafasi hiyo ni yangu au ya Aproni. Aproni ni mpishi mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu aproni yake huipiga pasi kila asubuhi, utadhani anakwenda kuoa sufuria. Nilitabasamu mpaka Matroni aliposema kwanza tupimwe choo, maana hawezi kumkabidhi bweni zima mtu mwenye wadudu tumboni.

Tumbo langu! Linanguruma tangu mwezi uliopita. Leo limenitoa mbio jikoni kabla wali haujakauka maji. Mke wangu kila siku ananiambia nikapime, nami namjibu ni gesi tu. Nikipeleka choo hiki, ukuu nitausikia kwa wenzangu.

Jumanne, 5 Machi

Jibu nimelipata msalani, ambako siku hizi ndiko ofisini kwangu. Shemeji! Huyu ni kaka wa mke wangu, alikuja kututembelea kwa wiki moja, mwaka jana. Hajaugua hata mafua. Anamaliza sahani yake, anamalizia yangu, kisha analala fofofo. Choo cha mtu kama huyu ni cheti tosha.

Nikamweleza shida yangu. Alicheka hadi akashika ukuta. Akasema atanisaidia, ila asisikie tena habari za yeye kuhama. Nikakubali. Mke wangu, aliyesikia yote akiwa chumbani, akasema mimi ni wa kufungwa kamba, na kwamba yeye hayumo.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji hana kitu. Kakaa msalani asubuhi nzima na gazeti, katoka na habari za michezo tu. Nikamnunulia papai. Akalila lote, akauliza kama kuna jingine. Nikaleta jingine. Nikamwambia waziwazi kwamba maisha yangu yako tumboni mwake. Akajibu kwamba tumbo lake halipendi kusukumwa.

Aproni kapeleka chake leo asubuhi na mapema. Nasikia kikopo alikifuta kwa kitambaa. Hasidi yule.

Alhamisi, 7 Machi

Mapapai yameitika. Yameitika mno, mke wangu kafungua madirisha yote. Nikajaza kopo la siagi hadi juu na kutoka mbio, kwa sababu maabara hawataki kilicholala.

Mpimaji alifungua kifuniko, akakirudisha taratibu, akaniuliza kama nimeleta cha kupima au cha kuuza kwa jumla. Kumbe kinatakiwa kidogo tu, kama haragwe, tena ndani ya kikopo chao. Nikapewa kikopo na kijiti. Nikafanya kazi hiyo nyuma ya tangi la maji, huku foleni nzima imegeuza shingo. Niliporudi akauliza kama choo ni changu mwenyewe. Nikasema changu kabisa, tena kwa fahari.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwisha. Choo cha shemeji kina amiba, na mayai ya minyoo juu yake! Matroni kanitoa jikoni mpaka nitibiwe na kupimwa upya. Cha Aproni kimetoka safi. Kaja kunipa pole huku kaziba mdomo kwa kiganja.

Mpimaji akanieleza kwamba wadudu hawa husafiri kwa mikono isiyooshwa vizuri baada ya msalani. Akauliza nyumbani anapika nani. Mimi. Nani anashinda msalani? Mke wangu ndiye aliyenijibia jioni: wadudu ni wangu, kaka yake kawaokota kwenye sahani niliyompakulia. Niliona aibu, sifichi. Shemeji wala hakukasirika, aliuliza tu kama chakula kiko tayari.

Jumatano, 13 Machi

Dawa nimezimaliza. Shemeji naye anameza zake, mke wangu kamburuta mwenyewe hadi zahanati. Sabuni sasa imefungwa kamba mlangoni pa msala, na mke wangu anasimama hapo kama askari.

Tumbo limetulia kabisa. Usiku nimelala bila safari hata moja. Na Matroni bado hajachagua mtu! Kesho napeleka changu mwenyewe, mke wangu kasema, yaishe.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nilikuwa nacho. Kizuri, cha mtu mzima, kimetulia ndani ya kikopo. Nikakitazama. Kisha nikaanza kuwaza: je, kama kuna mdudu mmoja kajificha? Ukuu wa jiko zima upotee kwa mdudu mmoja? Nikakimwaga.

Mji huu mzima, namjua mtu mmoja tu ambaye choo chake kimepimwa kikaonekana safi. Nikamwendea Aproni. Nikamsimulia yote, kuanzia shemeji na mapapai. Alisikiliza kwa utulivu, hakucheka hata kidogo. Kakubali papo hapo, na hataki chochote. Tena kasema nisihangaike kukifuata kwake: atanikabidhi kesho ofisini kwa Matroni, nami nirudie maelezo yangu yote mbele yake, neno kwa neno, ili aone nilivyojituma.

Kumbe nilikuwa namwonea bure. Nikiwa mkuu, nitampa Jumapili zote apumzike.