Kichwa cha Tatu Juu ya Farasi Mmoja

Habari iliingia na Povu, kama kawaida. Povu ni kinyozi, jina lake la ubatizo Jasper, ila hapa kwa Mama Prudence tunakonywea kahawa kila asubuhi hakuna anayelikumbuka. Aliusukuma mlango kwa kiwiko, karatasi ya habari mkononi, sabuni ya mteja wake bado imemkaukia vidoleni.

"Anarudi! Mtoto wa mfalme anarudi kutoka uhamishoni! Kabla mwezi huu wa Mei haujaisha, yuko hapa London!"

"Acha kamba," akasema Pipa. Huyu ni Humphrey, muunda mapipa, na tumbo lake ndilo tangazo la kazi yake. "Juzi ulituambia kuna samaki mwenye ndevu kavuliwa chini ya daraja."

"Hii imechapwa, bwana! Bunge limeshakubali. Soma mwenyewe!"

"Unajua fika sijui kusoma."

"Basi funga mdomo, kahawa inapoa."

Tukacheka. Mama Prudence hakucheka. Alisimama na birika mkononi, macho kayapandisha juu ya meko. Nasi tukageuza shingo.

Pale ukutani pana picha kubwa kuliko mlango: mtu kavaa deraya, kapanda farasi mweupe. Aliichora Brashi, yaani mzee Ambrose, ambaye asubuhi hiyo alikuwa pembeni yangu akimenya yai. Mwanzoni juu ya farasi yule alikaa mfalme. Mfalme alipokatwa kichwa, Brashi naye akapanda ngazi, akamfuta kichwa, akaweka cha jenerali aliyeshika nchi. Deraya ileile, buti zilezile. Farasi hakuulizwa.

"Jana wafuasi wa mfalme wamevunja madirisha ya muuza glavu," Mama Prudence akasema, "kwa sababu ya kisahani tu chenye sura ya jenerali. Kisahani, jamani! Mimi nina ukuta mzima. Brashi, kaka yangu, kalete ngazi."

"Sileti."

"Eti nini?"

"Sileti, dada. Nimechoka kukata watu vichwa kwa brashi."

"Mzee, huu si wakati wa maringo!" Povu akaruka. "Mwenye nguvu mpishe! Upepo umegeuka, wewe unakojoa kuelekea unakotokea?"

Brashi akaliweka yai mezani. "Hivi katika miaka yote hii, hakuna aliyejiuliza kwa nini jenerali mzima ana macho ya kijana wa miaka kumi na tisa?"

Tukatazama. Kweli. Uso mzito, chunjua juu ya kidevu, na katikati yake macho mawili mepesi, kama ya mtu aliyeitwa nje kucheza.

"Ni ya Giles," akasema.

Giles alikuwa mwanawe wa pekee. Aliuawa akipigana upande wa Bunge dhidi ya mfalme, akazikwa shambani kwa mtu, hata kaburi halijulikani. Pipa alivua kofia.

Mimi natengeneza mishumaa, wananiita Utambi, na si msemaji sana. Lakini nilisema: "Mzee, macho yaache. Badilisha yaliyobaki."

Akalimaliza yai lake. Halafu akaenda kuleta ngazi.

Hapo ndipo balaa ilipoanza. Nani anajua sura ya mfalme mpya?

"Mimi nilimwona akiwa na miaka minane," Pipa akajitapa. "Mwekundu, mashavu kama tufaha."

"Huyo alikuwa mtoto wa mwoka mikate!"

"Alikuwa na upanga!"

"Wa mbao!"

"Kelele!" Brashi akapaza sauti kutoka juu ya ngazi. "Nipeni uso wowote ulio hai. Povu, kaa hapo."

"Mimi?"

"Kinyozi hajinyoi, lakini kuchorwa anaweza. Tulia, usiseme."

Kutulia, Povu aliweza. Kutosema kulimtoa jasho. Mpaka mchana, mfalme alikuwa na nywele nyekundu, pua fupi ya duara, na macho ya Giles.

Rangi ilikuwa bado inang'aa walipoingia. Vijana sita wenye marungu, na mbele yao mchinja nyama mmoja mnene, kajifunga utepe wa mfalme kofiani. Povu akageuza uso haraka, akajifanya anakagua masizi ya dohani.

Mchinja nyama akagusa picha. Kidole kikatoka chekundu.

"Mama, mbona rangi mbichi?"

Mama Prudence akajibu, sauti tulivu kama ya kanisani: "Na mfalme naye si mpya?"

Mchinja nyama akakuna shingo. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. Taratibu akavua kofia.

"Nilimwona Uholanzi kwa macho yangu," akawaambia vijana wake. "Ni yeye kabisa. Pua hiyo naijua. Na macho, tazameni macho! Mtu mwenye macho hayo, nchi itapona."

Wakainamisha vichwa, wakanywa vikombe sita, na wakalipa. Juu ya ngazi Brashi alikuwa amewapa mgongo, akifuta brashi iliyokwisha kutakata.

Siku yenyewe ilipofika, kengele za mji mzima zililia mpaka njiwa wakahama. Barabara ilimwagiwa maua. Tulipanda juu ya benchi la Mama Prudence, sote watano, tumeshikana mabega. Kila mtu alipiga kelele, hata Brashi. Ndipo akapita: mrefu kama mlingoti, mweusi wa nywele kama masizi, pua ndefu inayoshuka mpaka mdomoni.

Pipa akamtazama mfalme. Akamtazama Povu, mfupi, mwekundu. Akamtazama tena mfalme.

"Povu," akanong'ona, "hamfanani hata ukucha."

Povu alikunja mikono, akautazama msafara ukiishia kwa huzuni ya mtu aliyedhulumiwa.

"Nilijua tu," akasema. "Huyu siye. Wamemleta mwingine."