Mawe Yanataka Koga

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Samaki wamefika! Watatu, bapa, wa vijito vya milimani, wananata kwenye mawe kwa tumbo. Adimu mno. Binamu yangu, mwenye samaki mmoja mnene wa dhahabu, kasema wangu wanafanana na soli za viatu. Husuda hiyo. Baba naye: hawa wakifa kama wale wa kwanza, tangi linageuzwa kabati la viatu.

Samaki hawa hula utando wa kijani unaoota juu ya mawe. Mawe yangu hayana hata dalili. Mbinu: mawe ndani ya beseni la maji, juani, kibarazani.

Jumatano, tarehe 5
Utando umeota! Ila nikiwa shule, nani atayaangalia? Bibi. Tatizo: kuongea. Nasoma kwa lugha mbili na zote hunikwama kwenye koo moja. Jina la utando kwa lugha ya darasani nalijua; la nyumbani nimelikuta kwenye kamusi: koga. Fupi. Hata mimi nalimudu. Nimemnong'oneza Bibi, macho chini: mawe yanataka koga. Kaitikia, haya, mjukuu wangu.

Alhamisi, tarehe 6
Yanang'aa! Bibi kayakogesha. Kwa brashi na sabuni ya kufulia. Eti, si nilisema yanataka koga? Nilitaka kulia. Nikasema ahsante. Kafurahi, kaahidi hayatachafuka tena.

Ijumaa, tarehe 7
Samaki wamekonda. Bapa juu ya ubapa. Nikamwangukia binamu: tangi lake limejaa koga, maana uvivu wake hauna mfano. Sharti lake: nikiri mbele ya dada zake kwamba samaki wake ndiye mfalme. Nikakiri. Kasema hawajasikia, nirudie. Nikarudia! Nikapewa jiwe moja. Wamelivamia wote watatu. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Jumamosi, tarehe 8
Nilitumwa dukani tu. Nimerudi, tangi lina povu. Bibi kaona jiwe moja "nililolisahau". Wawili wamekufa. Kanipa pole, kasema labda walikuwa wagonjwa. Nikajibu labda. Baba kaja na futi, kapima tangi kwa ajili ya buti zake. Nimemsihi mpaka sauti ikakauka: aliyebaki akimaliza wiki, tangi libaki. Kakubali, shingo upande.

Jumapili, tarehe 9
Huyu simpotezi! Kosa nimeligundua: lile neno la kamusi, kwa Bibi ni kuoga. Sasa ni maneno mepesi tu. Pampu hujizima ovyo, na maji yakiishiwa hewa, kwisha habari yake. Basi nimemwambia Bibi, tena kwa sauti: kesho samaki asikose hewa. Kaelewa papo hapo! Kauliza tu kama kibarazani, kivulini, panafaa. Swali la ajabu. Nimemjibu panafaa sana, Bibi.