Wachezaji Kumi na Mmoja wa Kocha Wilondja

Jumatatu, 12 Juni 2023

Kikao cha walimu. Préfet, mkuu wa shule yetu, ametangaza: tarehe 24 shule itawaheshimu makocha wawili wanaostaafu. Kocha Wilondja, mpira wa miguu, miaka thelathini na mmoja. Mama Marie, handball ya wasichana, miaka ishirini na sita. Akauliza nani atashughulikia nini. Madame Solange, mwalimu wa Kifaransa, akasimama akiwa na karatasi tayari. Kila mahali mwanamke huyu ana karatasi! Akasema wasichana wa zamani wa Mama Marie wamekwisha kukubali kuja. Thelathini.

Nikasimama bila karatasi. Nikasema nitaleta timu nzima ya mwaka 1995, ile iliyochukua kombe la mashule kule Uvira. Wote kumi na mmoja, mstari mmoja mbele ya Kocha.

Madame Solange akafunga mdomo. Utamu ulioje! Ulidumu mpaka nilipofika nyumbani.

Na mimi nilikuwa katika timu ile. Golikipa wa akiba. Msimu mzima sikuingia uwanjani hata dakika moja. Kabla ya kila mechi Kocha alikuwa akiita majina kumi na moja, kila mmoja anaitika "Présent!", halafu anafunga daftari. Wa akiba hatukuitwa. Nina miaka arobaini na sita sasa. Mtu akimletea Kocha wachezaji wake wote, Kocha hatamsahau. Yaani, mimi nikimletea.

Jumatano, 14 Juni

Nimeandika majina. Lingekuwa jambo la busara kuyaandika kabla ya kuahidi.

Watano wamekufa. Mmoja kwa kipindupindu, watatu kwa vita, kila mmoja mahali pake. Albert, beki wa kati, alikuwa kwao Makobola mwisho wa mwaka 1998, siku za mauaji ya kijiji. Hapa Baraka ukisema hivyo hakuna anayeuliza la pili.

Wanne walivuka ziwa kwenda kambini Tanzania, na kutoka kambini wakapelekwa nchi za baridi ambazo siwezi kuzitamka.

Gisa, winga wetu, mtoto wa milimani, wa wafuga ng'ombe. Aliishi kwa Kocha miaka miwili, akila bukari sahani moja na watoto wake. Mambo yalipochafuka mwaka 1996, watu wa kwao wakiwindwa mjini, Kocha alimsindikiza mwenyewe kwa miguu mpaka njia ya kupanda milima. Tangu hapo, hakuna habari.

Anabaki Willy. Anachimba dhahabu Lulimba. Mmoja! Lakini mmoja wa kweli ni mwanzo mzuri.

Mke wangu Clarisse amesoma karatasi juu ya bega langu. Akasema niende kwa Préfet kesho asubuhi nimwambie ukweli. Clarisse hana kipaji cha kuandaa mambo.

Jumamosi, 17 Juni

Nimerudi kutoka Lulimba. Mgongo umekwisha. Jana nilichukua pikipiki ya Eddy, kijana motari wa pale stendi. Vumbi mpaka kwenye meno.

Willy nilimkuta amekaa mlangoni pa kibanda cha maturubai, mguu wa kushoto umenyooka kama mti. Shimo lilimwangukia miaka minne iliyopita. Huyu ndiye aliyefunga magoli mawili Uvira! Alinitambua mara moja, akacheka, akamtuma mtu alete viazi. Nikamweleza sherehe. Akaacha kucheka. Akauliza kama Kocha bado anatembea. Nikasema anatembea, lakini macho yameingia ukungu, anaona watu kama moshi. Nikamwambia moto ya kumleta, yaani pikipiki, tumelipia, kiti kipo, hotuba nitamwandikia mimi.

Akaangalia mguu wake muda mrefu.

"Mi siendi, Bertin. Mwenye alinifundishaka kukimbia, nimusimamie mbele na hii muguu?"

Nikasema hataona.

"Mi nitaona. Umuambie nilikufaka."

Halafu akalia, mtu mzima, viazi mkononi. Nilikula viazi vyangu.

Njiani Eddy aliuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamweleza. Akaendesha kidogo, halafu akasema kwa sauti, upepo ukimpiga: "Prof, kama huyo muzee haoni, mi naweza kuwa huyo Willy."

Nilimwambia asimame. Tulisimama katikati ya barabara. Akili kama hii, inabeba watu kwenye pikipiki!

Jumatatu, 19 Juni

Eddy amenipatia motari kumi na mmoja, yeye akiwa wa kwanza. Kasoro moja: mkubwa wao ana miaka ishirini na nane. Nitawavalisha kofia.

Jioni nilikwenda kwa Kocha kumtayarisha. Amekaa nje, uso umeelekea barabara. Alinijua kwa sauti. Nikamwambia timu ya tisini na tano inakuja.

"Batakuya bote?"

"Bote, Kocha. Kumi na mmoja."

Nilisikia watoto wa jirani wakigombana juu ya ndoo, wakapatana, wakagombana tena. Ndipo Kocha akasema basi, atahitaji kiti chenye mgongo. Wala hakumuuliza mtu yeyote kwa jina. Nilikuwa na hofu kidogo juu ya Albert, maana tulimzika pamoja, Kocha ndiye aliyeshika msalaba. Lakini uzee umemfutia. Mungu anajua kusaidia.

Jumatano, 21 Juni

Mazoezi uwanjani. Fujo! Motari hawajui kusimama mstari, wamezoea kugombania mbele. Mmoja akauliza kama Gisa alikuwa na kigugumizi, anajua kuigiza kigugumizi. Nikasema hapana. Akahuzunika. Eddy sasa nimempa kuwa Albert, kwa sababu ya urefu wake, na Willy nimempa mwingine mwenye kitambi. Majina hayakai kichwani mwao, kwa hiyo nimemwandikia kila mmoja jina lake kwenye kiganja, kwa kalamu ya bluu.

Madame Solange alipita, akasimama, akahesabu kwa kidole. Akaniuliza wale ni nani. Nikasema ni kamati ya viti. Akasema yeye amewaalika pia wazazi wa wachezaji wa zamani, wote, handball na mpira, itakuwa vizuri kwao. Nikamwambia wazo zuri.

Jumamosi, 24 Juni

Sijui niandike vipi. Nitaandika kwa mpangilio.

Uwanja ulijaa. Wanawake thelathini wa Mama Marie walikuja kweli, sare ya kitenge cha kijani, wengine na watoto mgongoni, wengine na mvi. Mmoja amekuja kwa mtumbwi kutoka Swima. Mama Marie aliwagusa mmoja mmoja mashavuni akiwakumbusha makosa yao. Watu walicheka na kufuta macho. Nikajisemea: ngojeni.

Wangu wakaingia. Kofia chini, mstari mzuri. Makofi! Préfet alinipiga bega. Kocha akapewa mikro. Alisimama, akaacha kiti chenye mgongo nyuma yake. Akasema hana hotuba. Ataita timu yake, kama alivyokuwa akiita kabla ya mechi.

Ndivyo hasa nilivyotaka!

"Byaombe."

"Présent!"

"Gisa."

"Présent!" "Présent!"

Wawili! Jasho lilikuwa limefuta kiganja cha mmoja, akachungulia cha mwenzake. Watu wakacheka. Kocha hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe.

"Albert."

"Présent!" Eddy alijibu vizuri kuliko wote. Sauti nzito, ya beki.

Katika viti vya wazazi mama mmoja akasimama. Mama Pulchérie, anayeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sokoni. Mama yake Albert. Ninanunua ndagala kwake kila wiki! Ninajua pa kumpata, ninajua watoto wake, ninajua bei yake, na siku zote hizi za mazoezi sikufikiria hata mara moja kwamba wachezaji wana mama.

Alikuja polepole katikati ya uwanja, kiatu kimoja kimebaki kule kwenye viti. Hakuna aliyemzuia. Akafika mbele ya Eddy, akamwinulia kofia, akamwangalia. Nilidhani atampiga. Nilitamani ampige.

"Sema tena," akasema. "Sema tena, baba yangu. Mara moja tu."

Eddy akanitafuta kwa macho. Mimi nikaangalia spika. Eddy akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama, unisamehe. Mi haiko Albert. Mi ni Eddy wa moto."

Mama Pulchérie akamwekea mkono kichwani. Akasema anajua. Akasema kwamba anajua, lakini tangu mwaka ule hajasikia mtu akiitikia jina lile. Halafu akaketi chini, na Eddy akaketi pamoja naye.

Kocha alikuwa amesikia yote. Akasogeza mikro mdomoni.

"Mi najua bale balikufaka. Balikufaka namna gani nisijue? Nilitaka tu kuita majina yabo mbele ya batu, na mutu asiitike. Ni hiyo tu nilitaka."

Akaendelea. Jina, kimya. Jina, kimya. Motari walivua kofia mmoja baada ya mwingine. Alipomwita Willy nilikumbuka viazi.

Hapo nilikuwa nimekwisha kuondoka. Siandiki kukimbia. Nilikwenda nyuma ya vyoo vya wavulana, na kule nyuma ya ukuta spika inasikika vizuri kabisa.

"Na wa akiba," akasema Kocha. "Bertin."

Miaka ishirini na minane.

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Bertin iko?"

Ni neno moja. Watoto wa darasa la kwanza wanalijua. Nilishika ukuta.

"Bertin."

Kimya cha tatu kilikuwa kirefu. Halafu nikamsikia akisema taratibu, si kwetu, kama mtu anayeandika: "Basi. Na yeye pia."

Nilichungulia. Madame Solange alikuwa amemshika Kocha mkono, anamrudisha kwenye kiti. Hakuwa na karatasi. Wale wanawake thelathini walitoka kwenye mstari wao bila kuambiwa, wakawazunguka Mama Pulchérie na Eddy, mmoja akaanza wimbo wa kanisa, wengine wakaupokea. Mama Marie alivua kitenge chake cha begani akamfunika Kocha miguu.

Jumapili, 25 Juni

Misa sikwenda. Clarisse alikwenda. Amerudi, akapika. Nilimuuliza kama watu wananitaja. Akasema hapana. Hiyo imeniuma kuliko kama ningetajwa.

Eddy amepeleka ndagala za Mama Pulchérie sokoni asubuhi, gunia zima. Atampelekea kila siku, anasema. Mimi hakunisalimia.

Alhamisi, 29 Juni

Madame Solange amenikuta chumba cha walimu. Hakunigombeza, jambo baya sana. Akasema Kocha anauliza kila siku: Bertin alienda wapi? Alikufa lini, mbona hawakumwambia? Amemweleza kwamba niko hai. Haamini, anadhani wanamficha. Akasema ni barabara tatu tu kutoka kwangu, niende leo, niseme neno moja.

Clarisse amesema vilevile. Wanawake hawa wameungana.

Nitakwenda, lakini si mikono mitupu! Mtu hawezi kumtokea Kocha baada ya mambo yale bila zawadi. Nimefikiria mchana kutwa na nimepata. Simu! Kwenye simu hakuna kofia, hakuna umri, hakuna kiganja. Willy atampigia Kocha kutoka Lulimba, mzima, anacheka, anamshukuru. Gisa atampigia kutoka Amerika. Kosa la kwanza lilikuwa kuleta watu. Safari hii zitakuja sauti tu.

Eddy amekataa. Wenzake pia. Basi.

Jioni nilipita mbele ya nyumba ya Kocha kuangalia kama mtandao unashika pale. Unashika. Alikuwa nje, uso barabarani. Akasikia miguu yangu, akainua kichwa.

"Ni nani?"

Nikabadilisha sauti, nikaishusha mpaka tumboni. Nikasema mimi ni mpita njia tu, muzee, ninakwenda ziwani.

Akasema haya, niende salama. Akaendelea kuangalia barabara.

Hakunitambua hata kidogo! Sauti ilitoka safi kabisa. Nadhani Willy naweza kumfanya mimi mwenyewe.