Gia Imegoma Kwenye P

Jumatano, 3 Septemba 2025. Ganako.

Gari limegoma! Lile la otomatiki aliloniletea mwanangu Raphaeli kutoka Arusha jana tu. Injini inaunguruma vizuri. Gia iko kwenye P, ile ya kuegeshea, haitoki. Nimekanyaga breki, nimevuta. Nimebembeleza. Nimetukana kidogo. P!

Na Jumamosi binti yangu Goodness anafunga ndoa. Nilimwahidi marehemu mama yake, Beatrice, akiwa amelala hospitali, kwamba nitamwendesha mtoto mwenyewe mpaka mlango wa kanisa. Siwezi kushindwa na kijiti cha gia.

Gari lenyewe nimeliegesha vizuri kabisa. Juu ya mteremko wa nyumba, pua chini, kama nilivyoegesha Landrova yangu miaka ishirini na miwili. Stata ya Landrova ilikufa zamani. Unaachia, inaserereka, unatia namba mbili, inawaka. Breki ya mkono nayo ilikufa, kwa hiyo sina mazoea nayo.

Clemensi jirani amechungulia juu ya ua akauliza mbona siondoki. Huyu alikuwa utingo wangu. Siku hizi anaendesha watalii Ngorongoro na anavaa miwani ya jua hata akiwa jikoni. Nimemjibu nasikiliza redio.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimemimina mafuta ya alizeti kwenye ufa wa gia. Sasa gia inang'aa. Mkono ukateleza, kiwiko kikapiga honi, mbuzi wa watu wakakata kamba.

Clemensi karudi. Anasema gari lake liko tayari kumbeba bibi harusi, limeoshwa, na lina viti saba. Viti saba! Goodness atakalia vingapi? Nikamwambia langu halitembei mpaka libarikiwe. Uongo ulinitoka wenyewe. Mzuri, wa kidini.

Jioni nimekaa ndani ya gari peke yangu. Beatrice alikuwa akikaa kushoto kwangu tulipobeba vitunguu vya Mang'ola. Mkono wangu mmoja uko kwenye usukani, mwingine una hindi la kuchoma. Nakanyaga klachi, nasema "Tatu!", yeye anaitia tatu. Hakukosea hata siku moja. Nimemkumbuka sana.

Ijumaa, 5 Septemba

Aibu! Clemensi kaniletea padre. Na kamati ya harusi pia, kina mama sita wenye sare za vitenge. Padre kanyunyiza maji ya baraka mpaka kwenye tairi la akiba, kisha akasema haya, mzee Sylvesta, liondoe tulione. Nikaingia. Nikavuta. P! Nikawaambia tusubiri kidogo, baraka bado mbichi.

Padre akainama dirishani. Akauliza kwa upole mbona breki ya mkono iko chini. Akasema gari zima limelalia gia, ndiyo maana haichomoki. Kumbe na yeye analo la aina hiyohiyo! Kina mama wakalisukuma kwenda juu, kama shubiri mbili hivi, huku wakiimba. Nikavuta. Tak! Likatoka!

Getini mguu wa kushoto ulitafuta klachi, ukakuta breki. Nina nundu ya paji la uso. Padre amesisitiza niegeshe tambarare na nivute breki ya mkono kabla ya kuweka P. Nimesema amina.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemwendesha! Goodness alikataa kiti cha nyuma, akakaa mbele na shela lake lote. Njiani akaweka mkono juu ya gia. Akaniomba niseme kama nilivyokuwa nikimwambia mama yake. Nikasema tatu. Gari hili halina tatu. Mkono wake ukabaki palepale, na wangu nikauweka juu yake. Tukacheka, kisha tukalia, poda ikaharibika yote. Shangazi zake wamenisema sana.

Lakini mlangoni nimemfikisha. Beatrice, nimemfikisha!

Clemensi ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, na miwani alikuwa ameivua. Nimemsamehe, kwa leo.

Jumapili, 7 Septemba

Nyumba kimya. Goodness yuko Endabash kwa mumewe. Nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea, na umebaki.

Gari nimeliegesha juu ya mteremko, pua chini. Breki ya mkono sikuivuta. Najua alichosema padre, lakini padre hakuwahi kusafiri na Beatrice. Alipenda tuondoke vile, injini imezimwa, tunaserereka bila sauti, upepo unacheza na kilemba chake kabla Landrova haijakohoa. Aliniambia hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko safari yote.

Kina mama sita nimewaalika chai kesho asubuhi. Wakishashiba watalisukuma juu kidogo, gia itoke. Ufunguo nitauzungusha nusu tu, injini sitaiwasha. Chini kule kuna ua wa Clemensi, ila si karibu sana. Beatrice alikuwa akifumba macho mpaka tufike chini. Kesho na mimi nitafumba, nione alikuwa anaona nini.