Simu Saba, Mipaka Saba

Panga ndilo lililosikika kwanza: chwa! chwa! chwa! Kisha sauti ya mwanamke ikaruka uzio: "Egerton! Kata sale langu jingine uone!"

Lascelles Pinnock akasimama barabarani, akatabasamu. Majirani wakigombania ardhi, mjanja hula. Mwaka juzi alikuwa akiuza dawa ya kuotesha nywele mjini Mandeville, na upara wake mwenyewe akaueleza kuwa ni wa heshima. Akachungulia. Upande huu Egerton Tulloch, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akifyeka masale mekundu, mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka. Upande ule Bi Verona Clacken, mwiko mkononi, mbele ya kibanda chake cha supu ya kwato.

Kesho yake Lascelles akarudi na kofia ngumu na kigoda kirefu cha miguu mitatu, juu yake sanduku la manjano. Ndani ya sanduku mlikuwa na simu yake, basi.

"Bosi," akamnong'oneza Tulloch, "masale ni ushamba. Mimi napima kwa setilaiti, na setilaiti haina ndugu."

"Itafika kwenye kibanda?"

"Ukiipa mabati ishirini, itafika hata kwenye sufuria."

Sanduku likalia pii-pii. Lascelles akapigilia kigingi futi kumi ndani ya ua wa Bi Verona, kando ya jiko.

"Kibanda kivunjwe!" akasema Tulloch.

Bi Verona akaonja supu, akaongeza chumvi. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha tangu afiwe na mumewe. "Mwanangu mpimaji, barua za wito ziko wapi? Hapa hapimi mtu hadi majirani wote waandikiwe, waje washuhudie."

Kweli. Tulloch mwenyewe aliijua sheria hiyo, ila uroho ulimsahaulisha. "Barua kwanza," akamwambia Lascelles, "ndipo mabati."

"Zinachapwa, bosi."

Ewe msomaji, mwongo wa mdomo huponyoka; mwongo wa karatasi hujifunga kamba mwenyewe. Lascelles akaandika barua saba, akatia sahihi, *Mpimaji Mwenye Leseni*, na namba ya simu chini yake.

Siku ya wito majirani saba wakaja. Bi Verona akatoa barua yake, akabonyeza ile namba. Sanduku la manjano likaanza kuimba na kutetemeka.

"Lipokee," akasema. "Labda ni setilaiti."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja mmoja wakasimama na simu zao juu ya kigingi kilekile, wakafungua ramani. Simu saba, mipaka saba: moja ilimpa Bi Verona nusu ya duka, nyingine ilimweka Tulloch makaburini.

"Simu inakujua uko mtaa gani," ilisema sauti nyuma yao. "Inchi haizijui." Alikuwa Hyacinth Dacres, mpimaji wa kweli, aliyeitwa na Bi Verona kwa barua halali. Akaanzia kwenye alama za zamani za kona ya barabara, akapima kwa darubini yake asubuhi nzima, mwishowe akaonyesha chini: "Chimbeni hapa."

Sepetu ikagonga chuma. Ilikuwa bikoni, alama ya mpaka iliyozikwa miaka sitini, futi tatu ndani ya uzio wa Tulloch.

"Masale yangu yalikuwa yananipunja!" Bi Verona akashangaa. Tulloch akakaa juu ya mabati yake.

Lascelles akanyata hadi getini. Bi Verona alikwishamtangulia, ameketi kwenye kiti, barua kifuani.

"Unakwenda wapi, baba? Hakimu anapenda sana kusoma."

"Bi Verona, sisi wote maskini..."

"Uzio usogezwe. Masale yapandwe upya, mstari mzima. Nani hapa ana kofia ya kazi?"

Macho yote yakaipanda kofia. Lascelles akautazama mstari: mawe matupu, kuanzia barabarani hadi mtoni. Akaivua, akainua mkono.

"Bi Verona, naapa mbele ya hawa majirani: Jumatatu alfajiri nitakuja na sururu, wala sitaondoka hadi sale la mwisho lishike mizizi."