Picha ya Mama Mkwe Imegoma Kutoka

Jumatatu, 3 Juni 2024

Siku ya kumi na nane bila mke wangu Consolatha. Nimekunywa chai ya rangi tena, kwa sababu sijui maziwa huwa anayatoa wapi.

Kwa kumbukumbu tu, si kwamba najitetea. Mke wangu alikwenda kwao Kaliua kwenye misa ya mwaka mmoja wa marehemu mama yake. Mimi nilitakiwa kumfuata kesho yake na picha ya marehemu, iliyomo kwenye simu yangu, iwekwe mbele ya altare. Sikwenda. Siku hiyohiyo nyuki walikuwa wanaingia kwenye mzinga wangu mpya, na mtu mwenye akili zake hawaachi nyuki wanaoingia. Misa ikasomwa bila picha na bila mkwe. Sasa baba mkwe, Mzee Nikolaus, amesema binti yake atarudi siku mumewe atakapokwenda kumchukua mwenyewe.

Kila mtu ananiambia niende. Basi linaondoka asubuhi, mchana uko Kaliua. Sawa, lakini niende na uso gani, mkono mtupu?

Nina mpango. Naihamisha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta ya ofisi, naisafisha, naichapisha kubwa, naitia kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Consolatha akiiona atalia, atasamehe, atapanda basi kwa hiari yake. Kazi ya nusu saa.

Saa nne nimechomeka simu kwenye kompyuta. Simu imeanza kuchaji. Kompyuta haijaona kitu. Nimechomoa, nimechomeka. Inachaji. Nimezima vyote viwili, nimewasha. Inachaji. Saa kumi simu imejaa asilimia mia moja na mama mkwe bado yumo ndani.

Jumanne, 4 Juni

Bi Levina, katibu wetu wa chama cha wafuga nyuki na mwangalizi wa kompyuta ya ofisi, amesema waya wangu ni wa kuchajia tu, hauna njia ya kupitisha picha. Nilijua. Nilikuwa naupa nafasi.

Nimekwenda mtaa wa Ng'ambo kununua waya wa data. Bahati mbaya duka linatazamana na studio ya Fauzi, mpiga picha, mtu asiyeweza kumuona mwenzake na shida bila kutoka mlangoni. Akaniuliza shemeji amerudi? Nikasema yuko likizo. Akasema likizo hiyo imezidi ya walimu. Nilipotaja waya na picha, akataka nimwachie simu dakika kumi tu, au basi nimtumie picha kwa WhatsApp. Nikamwambia WhatsApp inapunguza ubora, na mama mkwe wangu hapunguzwi. Nikaondoka kwa heshima zangu. Waya nikausahau dukani, ikabidi nirudi, na yeye bado amesimama palepale.

Waya mpya! Kompyuta imelia na moyo umeniruka. Simu ikaniuliza kama naruhusu kompyuta hii ione picha zangu. Mimi si mjinga. Ofisi ile inaingiwa na watu wa kila aina. Nikabonyeza Kataa. Folda ikafunguka, tupu. Nimechomeka mara saba, simu imeniuliza mara saba, nimeikatalia mara saba.

Jumatano, 5 Juni

Bi Levina amesimama nyuma yangu, akaangalia, akaniuliza nani alinituma kubonyeza Kataa. Nimebonyeza Ruhusu, ili tu aone kwamba haitafanya kazi.

Ikafanya. Picha zikaanza kuingia, asilimia tano, asilimia tisa. Ikakata. Kompyuta inadai simu imeondolewa. Nani kaiondoa? Iko mkononi mwangu! Nimegundua kwamba ukiilaza simu upande wa hospitali ya Kitete inashika, ukiinyoosha inakata. Basi nimekaa nimeinama hivyo saa nzima, shingo imekaza. Nimefika asilimia thelathini na saba. Hapo ndipo Mzee Lugembe, mwanachama mwenzetu, alipoingia kuulizia mizinga yake. Nikageuka kumwamkia. Shikamoo moja, asilimia thelathini na saba zote zimekwenda.

Kanga ya Consolatha bado imening'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Sijaitoa. Nimeinusa mara moja tu, kuangalia kama inahitaji kufuliwa. Haihitaji.

Ijumaa, 7 Juni

Consolatha amepiga simu, kwa kile kitochi chake kisichopokea picha. Ameuliza kama nakula. Nimesema nakula sana. Nikamweleza habari za waya, za Kataa na Ruhusu, nikamweleza ile namna ya kuilaza simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nakwenda lini. Nikasema kwa sasa tumefika asilimia thelathini na saba. Akakata. Nadhani ni mtandao.

Nimeamua kumaliza leoleo. Mikono inatetemeka, kwa hiyo mikono iondoke kwenye kazi. Nimeifunga simu kwa mpira wa baiskeli kwenye kopo la asali, upande wa Kitete, nikaliweka kopo juu ya kitabu, kitabu juu ya kompyuta. Imeshika vizuri mno. Asilimia hamsini na mbili! Nimesimama mbali, nimeziba hata pumzi.

Kumbe kifuniko cha kopo hakikukazwa.

Bi Levina hakupiga kelele. Ameifuta kibodi yote kwa maji ya uvuguvugu, herufi moja moja, kisha akanipa barua. Nimekatazwa kuikaribia kompyuta ya chama hadi kikao kijacho. Barua yenyewe haina herufi A hata moja ya kompyuta, ameziandika zote kwa kalamu. Ni mwanamke mwenye kinyongo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwa Fauzi. Nimemwambia simu ni ya rafiki yangu. Akaigeuza, akaisogeza kwenye taa, akachungulia tundu la chaji. Akamwita mkewe, Asmahani, alete sindano.

Nta. Ametoa donge la nta la nyuki, ukubwa wa punje ya kunde, na mguu wa nyuki umo. Ni kweli simu huwa naiweka mfuko wa kifuani nikirina asali. Sikujua kama na yenyewe inarina. Asmahani alicheka mpaka akakaa chini. Fauzi akachomeka waya na picha zote zikaingia bila kuinamishwa popote. Picha elfu moja mia tisa na kumi na nne. Nimeangalia saa. Dakika kumi, kama alivyosema, mshenzi yule.

Tukaanza kumtafuta mama mkwe. Mzinga. Mzinga. Mimi na mzinga. Mzinga kwa karibu. Mkono umeshika bomba la moshi wa kufukuzia nyuki, nikautambua, wa Consolatha. Mzinga. Kiwiko chake. Kivuli chake juu ya majani, ameninyanyulia kifuniko ili mimi nipige picha vizuri. Miaka tisa ya ndoa. Mzinga mmoja nina picha zake mia sita, na uso wa mke wangu sina.

Kisha tukaipata. Katikati mzinga wa kisasa, mpya, unaonekana hadi misumari. Pembeni mama mkwe kakaa kwenye kigoda, Consolatha kamlalia begani, wote wawili wanacheka. Sijui wanacheka nini. Huenda ni mimi. Wamefifia kidogo, kwa sababu nilikuwa nalenga mzinga. Mwaka mzima nimewaambia watu nina picha nzuri ya marehemu. Nilikuwa na picha ya mzinga.

Fauzi safari hii hakutania. Akaukata mzinga, akawasogeza wale wawili katikati, akawang'arisha polepole. Kadiri uso wa Consolatha unavyotokea, mimi nikawa nasogeza kiti karibu zaidi na kompyuta yake. Nimemkumbuka mke wangu mpaka kifua kikauma, mchana kweupe, mbele ya mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti. Sikufuta machozi, nisije nikaonekana nayafuta.

Fremu ilipokuwa tayari Fauzi akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Kaka, mpelekee. Usiitume. Kesho panda basi, mpelekee."

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda stendi na fremu, shati limepigwa pasi, viatu vimeng'aa. Nilikuwa nakwenda. Naandika hapa ijulikane kwamba nilikuwa nakwenda.

Mguu mmoja ulikuwa umeshapanda ngazi ya basi. Hapo nikamwona Mzee Nikolaus kichwani mwangu, amekaa kibarazani, ananiangalia ninavyotoka mbali, njia yote ile mpaka mlangoni kwake. Nitaanzaje? Shikamoo baba, misa ilikuwaje? Mguu ukashuka wenyewe.

Nimempa kondakta fremu na barua ya kurasa nne, humo nimeeleza yote, waya, nta na kiasi cha asilimia kwa kila siku. Haiwezekani mtu akasoma barua ile asinielewe.

Jumatatu, 10 Juni

Hajapiga. Nimefagia nyumba, nimefagia na uani. Nimepika ugali, nusu uji. Maziwa kumbe yanatoka kwa Minza, jirani, ukuta kwa ukuta. Ameniuliza mwenzangu anarudi lini, kwa upole kabisa, na upole wake umeniudhi siku nzima.

Nimetandika kitanda upande wake pia. Naulalia upande wangu, siuvuki. Sitaki akirudi akute nimezoea.

Jumatano, 12 Juni

Amepiga!

Picha imefika salama. Baba yake ameitundika sebuleni, amekaa akiitazama asubuhi nzima, hakwenda hata shamba. Amesema tangu mama aanze kuumwa hakuwa amemwona akicheka hivyo, alikuwa amesahau kama meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya. Consolatha akanishukuru. Alisema asante mara mbili. Mimi nikasubiri aseme anapanda basi gani.

Basi hakulitaja. Akasema, "Baba Nyuki," na jina hilo huniita akiwa na furaha tu, au zamani, "picha nilitaka ya mama. Wewe nilikutaka wewe. Nikisikia basi natoka nje kuangalia. Kila siku natoka, Leodgar. Majirani wameanza kunionea huruma."

Nikasema mtandao unakata. Haukuwa unakata. Ulikuwa safi, nikamsikia anaagana nami, nikasikia na kuku wa kwao.

Nimekaa kwenye kitanda, upande wangu, mpaka jua likahama dirishani.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeelewa. Imenichukua usiku mzima lakini nimeelewa kila kitu. Mke wangu kila siku anatoka nje, basi linasimama, na hakuna kitu kinachoshuka cha kumwangalia. Hilo tu ndilo linalomuumiza. Ningejua mapema!

Saa tatu nimeshafika kwa Fauzi na suti yangu nyeusi. Nimetaka picha yangu, nimesimama, nimenyoosha mkono kidogo mbele kama mtu anayesalimia. Fauzi ameniuliza kwa nini nisipande basi hivyohivyo nilivyovaa, maana stendi ni hapo tu. Nimemwambia yeye ni fundi wa picha, mambo ya ndoa aniachie mimi. Amewasha taa zake, akapiga.

Nimeagiza ukubwa wa mtu kamili, kuanzia viatu hadi nywele, juu ya ubao mgumu. Kondakta amesema haiwezi kulala kwenye buti, itakunjika, itabidi ikae kwenye kiti. Nimeshaikatia tiketi, upande wa dirishani. Jumamosi Consolatha atasikia basi, atatoka nje kuangalia, na ataniona nashuka.