Malalamiko Dhidi ya Wakwe wa Ng'ambo Walioniharibia Hasira

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu, nikiwa mzazi, mkulima wa korosho na mkazi wako mtiifu. Hasira yangu imeharibiwa na watu wa nchi nyingine, na naomba serikali ya kijiji iingilie kati.

1. Binti yangu Somoe alipata mimba kabla ya ndoa. Mhusika ni Osvaldo, fundi cherehani wa Magomeni, ambaye kwao ni ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Nilikasirika kama inavyotakiwa. Niliacha kwenda kijiweni kunywa kahawa, nikamhamishia Somoe kwa shangazi yake Nanyamba, nikawaita wazazi wa kijana waje kuomba radhi. Niliandaa hata wajomba wawili wa kununa.

2. Mama yake Osvaldo, Bi Claudia, alivuka mto na wanawake wenzake huku wakiimba. Wana kuku, wana mchele, wana vitenge. Kabla sijafungua mdomo akanikumbatia mlangoni, majirani wote wanaona: "Baba Somoe, tumepata mtu!" Nikamweleza kwamba ndoa haipo. Akaniuliza, "Sasa ndiyo mtoto atapungua kidole?" Nilipogeuka kuomba msaada, wajomba walikuwa wameshanawa mikono, wanasubiri kuku.

3. Nikampigia simu Neema, mtoto wa marehemu kaka yangu, anayeishi Norwe, nikijua nchi ya baridi vile haina mzaha. Ananiambia huko wengi huzaa kwanza, wakipata nafasi ndipo wanafunga ndoa, na watoto wao wenyewe ndio wanaowashikia maua harusini. Nikauliza wazee wa huko hukasirika saa ngapi. Akasema, "Baba mdogo, hiyo kazi huku haina mtu."

4. Nikakimbilia kwa sheikh. Aliwasema sana vijana, nikafarijika. Halafu akaongeza kwamba mtoto hana kosa lolote, na kwamba nikamchukue binti yangu ajifungulie nyumbani. Nikaenda. Somoe aliponiona alipiga magoti akalia, nami vumbi likaniingia machoni. Hilo nalo ni lalamiko: barabara ya Nanyamba imwagiwe maji.

Kwa hiyo naomba wakwe wanaovuka mto wakaguliwe furaha mpakani, kama sisi tunavyokaguliwa mizigo. Familia za ng'ambo zioneshe huzuni japo wiki moja kabla ya kupiga vigelegele, na huzuni hiyo ipangiwe madaraja kama korosho, mtu ajue ya kwake ni daraja gani. Norwe waandikiwe barua yao peke yao. Wasiharakishwe, ni mbali.

Naamini utachukua hatua kabla aibu haijatuishia kabisa. Msalimie mama watoto, wasalimie mgambo na wajumbe wote. Wakikuuliza habari zangu, waambie bado nimenuna.

Ni mimi, niliyebaki peke yangu kukasirika,
Mussa Namtuka

Tanbihi: Mjukuu amezaliwa Ijumaa, wa kike, na paji la uso ni langu tupu. Bi Claudia anasema Somoe akipata nguvu watampeleka mtoto Msumbiji akaonwe na ndugu. Naomba mgambo wafunge kivuko leo hii. Mambo ya ndoa tutayazungumza siku nyingine. Huyu kazaliwa ndani ya nyumba yangu, na haendi popote.